Akiba Yetu Ndani ya Mashine

Sisi tunaotumia mashine za kukata chuma zinazoongozwa kwa nambari twajua kwamba kazi ya kutoboa matundu katika duara hurudi tena na tena. Kuandika mistari ile ile kila mara ni kupoteza wakati, na tarakimu moja ikikosewa kekee huvunjika. Basi fundi huandika amri mara moja, zikawa makro, akazihifadhi. Katika mashine za Fanuc huzipa nambari, tuseme O9010, kisha huziita kwa G65 P9010 na kutaja vipimo vya kazi ile kwa herufi. M99 huirudisha mashine kwenye programu kuu.

Wazee husema akiba haiozi. Lakini kumbukumbu ya mashine nyingi za namna hii hutegemea betri. Betri ikifa wakati umeme umezimwa, makro zote hupotea, na lawama humwangukia fundi.

Kwa hiyo twashauri mambo matatu. Betri ibadilishwe mapema, mashine ikiwa imewashwa. Nakala iwekwe nje ya mashine. Na daftari la karakana lionyeshe herufi gani ni kipimo gani, ili hata mwanagenzi aweze kufuata.

Tena, ndugu, kuandika makro ni kazi ya ufundi. Saa zake ni saa za kazi, nasi twadai zihesabiwe na kulipwa.