Dawa za Ugonjwa wa Akili Haziachwi kwa Siku Moja

(Mazungumzo na familia za wagonjwa, Ringwani)



Leo tunazungumzia jambo tunalokutana nalo mara kwa mara tunapotembelea kaya zenu. Mgonjwa wa akili anatumia dawa, anapata nafuu, anarudi shambani. Kisha familia inasema, "Amepona, dawa za nini tena?" Au nauli ya kwenda Mugumu inakosekana na vidonge vinakwisha.

Ndugu zetu, hapo ndipo penye hatari. Klopromazini, haloperidoli na sindano ya flufenazini hufanya kazi kwenye ubongo, na ubongo huzizoea. Zikikatwa ghafla, mgonjwa anaweza kukosa usingizi, kutoka jasho, kutapika na kuhangaika. Ugonjwa wenyewe huweza kurudi baada ya wiki au miezi, wakati kila mtu amekwisha kusahau habari ya dawa. Kwa aliyekuwa akichomwa sindano huweza kuchelewa zaidi, maana dawa hiyo hutoka mwilini polepole.

Hata hivyo tusiwalaumu wanaozikataa. Dawa hizi zina maudhi: mikono kutetemeka, mwili kukakamaa, mate kutoka, usingizi mzito, nguvu za kiume kupungua. Kijana anayetegemewa kulima na kuchunga atavumiliaje? Aseme, kwa sababu mengi yana msaada. Daktari anaweza kupunguza dozi, kubadilisha dawa, au kuongeza kidonge cha Artane kwa kutetemeka na kukakamaa. Lakini shingo ikipinda ghafla, au mwili ukikakamaa pamoja na homa kali, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Je, dawa zinaweza kuachwa? Wapo wanaoweza kupunguziwa, na wapo wanaozihitaji kwa miaka mingi. Anayeamua ni daktari pamoja na mgonjwa mwenyewe. Hupunguzwa kidogo kidogo, kwa miezi mingi, nanyi nyumbani mkiangalia usingizi wake, chakula chake na maneno yake. Akianza kukesha, toeni taarifa mapema. Msingoje mpaka afungwe kamba.

Tunaombea wagonjwa na tutaendelea kuwaombea, lakini hakuna maombi yanayodai kidonge kitupwe.

Tunaviomba vikundi vya kuweka na kukopa vitenge nauli ya wagonjwa, ili dawa ifuatwe wiki moja kabla haijakwisha. Nauli hiyo ni ndogo kuliko gharama ya ugonjwa kurudi.