Anayempokea Mtoto ni Nani?



Masasi inayo haki ya kusema juu ya biashara ya watu. Misafara ya watumwa kutoka Nyasa kwenda pwani ya Kilwa ilipita katika nchi hii. Mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa, na mwaka 1876 Askofu Edward Steere alileta hapa kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakajenga makao mapya. Hata hivyo, mwaka 1882 wavamizi Wamagwangwara waliyashambulia makao hayo wakachukua mateka. Fundisho lake ni kwamba kufunga soko siyo kukomesha biashara.

Leo hakuna mnyororo. Kuna tiketi ya basi na ahadi tamu. Huja mtu anayefahamika kijijini, pengine shangazi au jirani, akamwambia mzazi aliyeishiwa fedha za korosho: "Nipe binti nikamsomeshe Dar es Salaam." Mzazi hushukuru. Binti akifika huko, shule haioni. Huamka kabla ya wote, hulala baada ya wote, na mshahara wake huambiwa kuwa "unatunzwa". Wengine, wakishakua, huvushwa bahari hadi Oman, na baadhi yao hunyang'anywa pasipoti na waajiri.

Sheria ya mwaka 2008 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu haikuacha mwanya. Kumchukua, kumsafirisha au kumpokea mtu kwa ajili ya kumtumikisha kwa nguvu ni kosa, hata likifunikwa kwa jina la ajira au mafunzo. Akiwa ni mtoto, ridhaa yake au ya mzazi wake si utetezi.

Lakini, ndugu zangu, tujiulize bila kuoneana haya: binti huyo hupokelewa na nani? Mkulima wa Newala hana yaya. Mwenye yaya ni karani, mwalimu, mwandishi wa habari, ni sisi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikataa mtu kuishi kwa jasho la mwingine. Hatuwezi kulaani unyonyaji mikutanoni, huku jikoni tumemweka mtoto wa miaka 12 asiyejua mshahara wake.

Basi kazi ianze kwetu. Mwalimu, jina lisipoitikiwa darasani kwa siku tatu, nenda nyumbani kwa mtoto ukaulize. Mtendaji wa kijiji, muulize anayeondoka na mtoto anampeleka kwa nani. Na kila mmoja wetu arudi kwake leo, afungue mlango wa jiko lake mwenyewe, atazame.