Wajenzi na Mji Wao: Habari za Jeevanjee na Bustani ya Nairobi

 

Maneno ya leo ni juu ya wajenzi. Katika Rusizi neno hili halihitaji kufafanuliwa. Toka Kamembe hata Bugarama hapana njia isiyopita mbele ya nyumba inayopanda, na saruji yake haitoki mbali, kwani kiwanda cha CIMERWA kipo hapa hapa upande wa Bugarama tangu mwaka 1984. Wala ni vigumu kumpata mtu mzima wa wilaya hii aliyesahau Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008, ardhi ilipotetemeka pande zote mbili za mto Ruzizi, huku na Bukavu, kuta zikawaangukia watu, na wengine walikuwa katika ibada. Siku ile ilidhihirika kuwa fundi na mwenye kampuni wameshika amana ya roho za watu. Tena katika miaka ya 2018 na 2024, nyumba nyingi za ibada katika Rwanda zilipofungwa kwa kuwa hazikutimiza masharti ya usalama, likaja fundisho jingine, kwamba nia njema peke yake haisimamishi ukuta.

Lakini liko jambo la pili katika kazi hii ya ujenzi, nalo halisemwi sana. Kampuni ya ukoo mmoja ikijenga mji na kupata faida yake ndani ya mji huo, mji wenyewe hupata nini kwake zaidi ya kuta zilizokwisha kulipiwa? Na kile ulichopewa mji, nani hukilinda mwenye kukitoa akishakufa? Jambo hili lina mfano wake katika Afrika ya Mashariki, nao ni mfano wa Alibhai Mulla Jeevanjee, Mwislamu wa jamaa ya Mabohora, na kampuni ya ukoo wake iliyofanya kazi Mombasa na Nairobi.

Wala isidhaniwe kuwa ni habari ya mbali. Reli ile ambayo kampuni yake iliitumikia ndiyo iliyogeuza njia ya biashara ya nchi hii kabla ya vita vya 1914. Ngozi za Rwanda zilichukuliwa na wapagazi hata Bukoba, zikavushwa ziwani hata Kisumu, kisha zikapakiwa katika gari la moshi kwenda Mombasa. Wafanyabiashara Waislamu waliofika Rwanda zamani zile, Waswahili na Wahindi, wengi wao waliishi kwa njia hiyo.

Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856, katika watu wasio na mali. Elimu yake ya shule ilikuwa ndogo. Alitoka kwao angali kijana, akazunguka Bara Hindi, akafika hata Australia akifanya biashara, kisha akarejea Karachi na kuanzisha kampuni iliyoitwa A. M. Jeevanjee. Mwaka 1890 hivi ikafungua tawi Mombasa, kazi yake ya kwanza ikiwa ni kuitumikia kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikitawala pwani ile. Mtu aliyeanza hana kitu akawa na ofisi katika bandari mbili za bahari moja. Na hayo hayakuwa madogo kwa mtu mwenye elimu ndogo ya shule.

Mwaka 1896 ikaanza kazi ya kujenga reli kutoka Mombasa kwenda bara. Serikali ya Kiingereza ilitaka vibarua, nao wakatafutwa Bara Hindi, hasa Punjab. Kampuni ya Jeevanjee ilikuwa wakala wa kuwaandika watu hao na kuwaleta, tena ikawa na kazi ya kupeleka vyakula na kuchonga mawe. Masharti yalikuwa mkataba wa miaka mitatu, rupia 15 kwa mwezi pamoja na posho, na nauli ya kurudi kwao. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na Kisumu mwaka 1901.

Hapa inafaa kusimama kidogo, maana katika kuwasifu matajiri waliotangulia watu hupenda kuruka mahali kama hapa. Hesabu ya reli ile imeandikwa nayo inajulikana. Vibarua walioletwa kutoka Bara Hindi walikuwa 31,983. Waliokufa ni 2,493. Waliorudishwa wakiwa wagonjwa au vilema ni 6,454. Watoto wamesimuliwa sana habari za simba wawili wa Tsavo wa mwaka 1898, hata ikadhaniwa kuwa simba ndio waliowamaliza watu. Lakini simba walikula wachache, nao wengi walimalizwa na homa, kuhara, vidonda na kazi yenyewe. Basi faida ya mwanzo ya kampuni ile, ambayo baadaye ilizaa majumba na soko na bustani, ilipitia katika migongo ya watu hawa. Si haki kumtwisha mtu mmoja mzigo wote huo, kwani mwenye kazi alikuwa ni Serikali, nayo ndiyo iliyoweka masharti. Wala si haki kuufuta. Mwenye kampuni ya ujenzi anayesikia maneno haya anajua mwenyewe siku ambayo vibarua wake hulipwa, na kama hulipwa siku ile waliyoagana au nyingine.

Nairobi ilikuwa kinamasi. Jina lake limetoka katika maneno ya Kimasai yenye maana ya maji baridi, na wahandisi wa reli walipachagua kwa ajili ya kupumzisha magari yao kabla ya kupanda mlima, si kwa kuwa palifaa kukaa watu. Mahali hapo ndipo kampuni ya Jeevanjee ilipojenga kwa wingi, nyumba za maofisa, ofisi za Serikali na maduka, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikajenga soko lililoitwa kwa jina lake. Mwaka 1902 tauni ilizuka katika mtaa wa maduka ya Wahindi, wakuu wakaamuru mtaa uchomwe moto. Mji ulioanza kwa mabati na mbao ulihitaji mtu mwenye mawe, mafundi na mtaji, na kwa miaka ile mtu huyo alikuwa Jeevanjee.

Gazeti nalo alilianzisha yeye, Mombasa, nalo likaitwa African Standard. Akaliuza mwaka 1905 kwa Waingereza wawili, wakaligeuza jina kuwa East African Standard, na mpaka leo gazeti la Standard la Kenya ni tawi la mti ule. Jambo la ajabu ni kwamba gazeti alilolianzisha Mhindi baadaye likawa sauti ya masetla, na masetla wakalitumia kuwapinga Wahindi.

Maana ugomvi ulikuwa mkubwa. Serikali ilizitenga nchi za milimani kwa Wazungu peke yao, na katika mji watu wakagawanywa mitaa kwa rangi zao. Mwaka 1909 Jeevanjee aliteuliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, akawa mtu wa kwanza asiye Mzungu kukaa humo. Hakukaa kimya, wala hakurudishwa muda wake ulipokwisha. Alikwenda hata London kulalamika. Huyu ndiye mtu aliyekuwa akipata kazi za ujenzi kwa Serikali ile ile. Kila mwenye kampuni anajua ugumu wa jambo hilo, kwani mkono unaotia sahihi ya mkataba ndio huo unaopasa kuambiwa kuwa umedhulumu. Wengi hunyamaza wakasema wana watoto. Jeevanjee alikuwa na watoto.

Sasa yaja habari ya bustani. Katikati ya Nairobi, Jeevanjee alikuwa na kipande cha ardhi cha eka 5. Angeweza kujenga maduka hapo, naye mafundi na mawe alikuwa nayo. Badala yake alipatengeneza, akapanda miti, akaweka njia na mabenchi, akawapa watu wa mji wapumzike. Na mwaka 1906 ilifunuliwa hapo sanamu ya Malkia Victoria, aliyoitoa yeye, na aliyeifunua ni Mtawala wa Connaught, mtoto wa Malkia mwenyewe. Wako wanaocheka kwamba mtu aliyegombana na Waingereza aliwasimamishia sanamu ya malkia wao. Huenda alidhani kuwa chini ya taji moja raia wote ni sawa, akataka kuwakumbusha wenye taji. Kama ndivyo, hawakukumbuka. Mwaka 2015 sanamu ile iliangushwa na watu wasiojulikana. Bustani ilibaki.

Wanasheria wanaweza kubishana kama zawadi ile ni wakfu au siyo. Kwa maana yake ni jambo ambalo Mwislamu analijua tangu chuoni, yaani mali imetolewa katika mkono wa mwenyewe, haiuzwi, hairithiwi, na manufaa yake ni ya watu wote. Na tazama aliyekusudiwa. Bustani ile haikuwekewa mlango wa Mabohora wala wa Wahindi wala wa Waislamu. Katika mji ambao Serikali iliwagawa watu kwa mitaa ya rangi zao, yeye aliacha mahali pa watu wa namna zote. Misikiti na shule za jamaa ni kazi kubwa, wala hapana mtu wa kuzidharau. Lakini mji nao una haki yake, na haki hiyo aghalabu husahauliwa na watu wa dini, wakadhani kila fungu la sadaka lazima liishie ndani ya ua wao.

Jeevanjee alifariki Nairobi mwaka 1936. Kenya ikapata uhuru mwaka 1963, na majina mengi ya mitaa yakabadilishwa. Bustani ikabaki na jina lake. Hata ulipofika mwaka 1991, palitoka shauri la kuijenga bustani, pawe na jengo la ghorofa la kuwekea magari. Ardhi ya katikati ya mji ilikuwa imekwisha kuwa dhahabu, na eka 5 zenye nyasi huonekana machoni mwa wengine kama fedha iliyolala.

Aliyesimama mbele ni mjukuu wake, Bibi Zarina Patel, mchoraji na mwandishi. Miaka miwili kabla, mwaka 1989, Profesa Wangari Maathai alikuwa ameipinga ghorofa iliyotaka kujengwa katika Uhuru Park, akatukanwa sana, lakini ghorofa haikujengwa. Bibi Patel naye akapaza sauti hadharani kwamba ardhi ile ilitolewa kwa watu, wala hapana mwenye haki ya kuigawa. Watu wa mji wakamuunga mkono na shauri likaachwa. Baadaye alikaa akaichunguza habari yote ya babu yake, akaitolea kitabu mwaka 1997, akataja makosa yake na mema yake. Mjukuu hakuwa akidai urithi, maana hakuwa na haki ya kuchukua hata jiwe moja hapo. Alidai kwamba asichukue mtu yeyote. Hiyo ndiyo kazi iliyokuwa imebaki kwa ukoo, na si koo nyingi zinazoiweza, kwani ni rahisi zaidi mjukuu kuja na wakili kuitaka mali ya babu irudi nyumbani.

Jambo hili linagusa hapa Rusizi kwa namna yake. Zamani mzee alisimama mbele ya mashahidi akasema, kiwanja hiki nimekitoa, na neno lake likatosha maadamu mashahidi wako hai. Lakini tangu kazi ile kubwa ya kuandikisha ardhi Rwanda nzima, iliyofanywa kati ya miaka ya 2009 na 2013, viwanja zaidi ya milioni 10 vimeingia katika daftari, na kila kiwanja kina jina lililoandikwa. Kiwanja cha kisima, cha chuo au cha makaburi kilichoachwa katika jina la mtoaji ni cha warithi wake kwa mujibu wa karatasi, hata kama mji mzima unakumbuka maneno yake. Basi familia ya wajenzi ikijitolea kuweka daraja la mtaa, au darasa, au choo cha soko, yafaa wakati mafundi wanapima msingi, mtu mwingine awe ofisini anapeleka majina. Na karatasi nayo haitoshi peke yake. Bustani ya Nairobi ilikuwa na karatasi zake, na bado ilihitaji mtu wa kupiga kelele.

Leo katika bustani ile, saa za mchana, hukaa makarani na wasio na kazi, wauzaji na wahubiri, Waislamu kwa Wakristo. Kwa miaka mingi wamekutana hapo watu wanaojiita Bunge la Mwananchi. Hukaa juu ya mabenchi na nyasi, wakabishana habari za kodi na uchaguzi na bei ya unga, na kila mwenye neno hupewa zamu yake. Wengi wao hawajui kuwa Jeevanjee alikuwa Bohora, wala kwamba alitoka Karachi; hujua tu kuwa hapo hapana anayewauliza wamekaa kwa ruhusa ya nani.