Jembe la Mama, Shamba la Nani?

Hebu tuulizane: kwa nini msichana hutumwa maji na kuni, na mvulana hupelekwa mnadani kuuza ng'ombe? Hawakuzaliwa hivyo, sisi tumewafundisha. Msichana huyo akiwa mama hulima, hupalilia na kuvuna, lakini siku ya malipo ya pamba haitwi, wala shamba halina jina lake. Mume akifariki, shemeji huja kumwondoa. Basi jueni: Sheria yetu ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi. Baba na mama, nendeni pamoja Halmashauri ya Kijiji, mkaombe hati ya kimila yenye majina yote mawili. Na kesho mnadani, mchukueni binti pia.