Tumsomeshe Mpasuaji



Nimeombwa nieleze kwa nini mwaka huu kamati inapendekeza sehemu ya mchango iende kwenye mafunzo ya upasuaji katika hospitali yetu ya mkoa, badala ya jengo. Mimi ni mhasibu, si daktari. Nimeuliza maswali mengi kabla ya kukubali.

Upasuaji wa matundu madogo mmeusikia. Badala ya kufungua tumbo kwa mkato mrefu, daktari anatoboa matundu matatu au manne, anajaza hewa ya kaboni ili apate nafasi, anaingiza kamera na vifaa vyembamba, kisha anafanya kazi akitazama runinga. Mawe ya nyongo, kidole tumbo, ngiri, vyote hutibiwa hivyo. Mjerumani Erich Mühe alitoa mfuko wa nyongo kwa njia hii mwaka 1985, na wakubwa wa fani yake wakambeza. Leo ni jambo la kawaida katika nchi nyingi.

Faida yake kwetu ni siku. Mama anayeshuka na mkungu wa ndizi kutoka Uluguru, akipasuliwa kwa mkato mkubwa, anaambiwa asinyanyue kizito kwa wiki sita hivi. Kwa matundu, wengi huruhusiwa baada ya siku moja au mbili, na wiki mbili zikipita wako kazini. Hizo wiki nne hazimo kwenye risiti ya hospitali, lakini ni karo, ni chumvi, ni rejesho la kikoba. Ongeza nauli ya kumfuata mgonjwa Dar es Salaam. Treni ya umeme imefupisha safari, haijafuta gharama ya malazi.

Kwa nini mafunzo, si mashine? Mashine zilizofunikwa shuka tumeziona. Na kazi hii ni ngeni hata kwa bingwa. Mkono ukienda kulia, ncha ya kifaa inakwenda kushoto, kama kasia. Picha ni bapa. Kidole hakigusi utumbo. Mtu mwenye miaka ishirini kazini anarudi kuwa mwanafunzi: anahamisha shanga, anakata duara kwenye kitambaa, anafunga fundo ndani ya sanduku, tena na tena, ndipo asimame na mwalimu mbele ya mgonjwa. Sanduku lenyewe laweza kuwa boksi la plastiki na kamera ya simu, jambo lililonifurahisha sana.

Haraka hapa ni hatari. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Marekani, madaktari wengi walijifunza kwa kozi za wikiendi, na majeraha ya mirija ya nyongo yakaongezeka. Kwa hiyo bajeti yetu ina fungu la kumrudisha daktari kwa mwalimu, si kozi moja na cheti ukutani.

Walimu wako karibu: Muhimbili, KCMC Moshi, na Kigali, ambako IRCAD, kituo kilichoanzia Strasbourg, Ufaransa, mwaka 1994, kilizindua tawi lake la Afrika mwaka 2023.

Mzee mmoja aliniuliza: tukimsomesha, kesho akihamishiwa Mtwara? Swali la haki, na uhamisho hatuuzuii sisi. Ndiyo maana hatupendekezi mtu mmoja. Figa moja haliinjiki chungu, nasi wana-Mafiga jina letu linatukumbusha. Tunaomba wasomeshwe mpasuaji, mtoa dawa za usingizi na muuguzi wa chumba cha upasuaji, na sanduku libaki hospitalini ili waliopo wawafundishe wanaokuja. Ada italipwa kwa ankara moja kwa moja kwa chuo; hakuna fedha mkononi mwa mtu, hata mwangu.

Hakutakuwa na kibao chenye majina yenu, hilo niseme mapema. Fomu za ahadi ziko kwa mweka hazina, na risiti inatolewa hapo hapo.