Gitaa ni Chombo cha Usiku: Roger Whittaker, Wana wa Gatanga na Barabara ya Thika



Mwimbaji Roger Whittaker alifariki Ufaransa tarehe 13 Septemba 2023, akiwa na miaka 87. Wiki ile nilisoma tanzia nyingi kuliko inavyofaa kwa mtu mwenye mitihani ya kusahihisha. Karibu zote zilishikilia jambo moja: kwamba marehemu alikuwa mwana wa Thika, na kwamba ardhi hii ya kahawa na maporomoko ndiyo iliyomtia muziki mikononi. Mwenzangu mmoja, msomi ninayemheshimu, akaniongezea juu ya kikombe cha chai kwamba ardhi hiyo hiyo ndiyo iliyowazaa waimbaji wa Kigikuyu Joseph Kamaru, Daniel Kamau na John De'Mathew, kwa hiyo wote hao wamenywa kisima kimoja. Nikamwambia nitamjibu hadharani. Leo ndiyo siku yenyewe, na ninamwona ameketi safu ya tatu.

Maisha ya Whittaker mnayajua, nitayapitia mbio. Wazazi wake waliuza duka la vyakula Staffordshire, Uingereza, wakaja Kenya kufuata hali ya hewa baada ya baba kuumia katika ajali ya pikipiki, wakakaa shambani karibu na Thika. Roger alizaliwa Nairobi mwaka 1936, akasoma Prince of Wales, ndiyo Nairobi School ya leo. Alianza udaktari Cape Town, akauacha. Akafundisha kidogo, kisha mwaka 1959 akavuka kwenda Bangor, Wales, kusomea sayansi za viumbe, na huko akawa anaimba kwenye vilabu. Mwaka 1969 akafanikiwa na wimbo kuhusu Durham, na mwaka 1975 ule wa kuaga wa baharini, aliokuwa ameurekodi mwaka 1971, ukashika Marekani. Elvis Presley naye akaurekodi. Wajerumani walimpenda hata kuliko Waingereza, naye akawaimbia kwa Kijerumani.

Sasa tuingie kwenye hoja. Nadharia ya udongo, kama nitakavyoiita, inadai kwamba mahali humfanya mpiga gitaa. Tuipime kwanza mbali na nyumbani. Mwaka 1966 John Mayall, mtu wa Macclesfield, alitoa albamu ya bluzi akiwa na kijana wa kijiji cha Ripley, Surrey, aitwaye Eric Clapton. Clapton alipoondoka, nafasi yake ilichukuliwa na Peter Green wa mashariki ya London, ambaye mwaka uliofuata alianzisha Fleetwood Mac. Baada ya Green akaja Mick Taylor, ambaye Rolling Stones walimchukua mwaka 1969. Vijana hawa walipiga muziki wa watu weusi wa Mississippi na Chicago, na wengi wao waliujua kwa santuri kabla hawajaikanyaga Marekani. Udongo wa Surrey hauna pamba wala gereza la kufyeka misitu. Kilichowafunza ni santuri iliyorudishwa mwanzo mara mia, bendi ya Mayall iliyowapokea mmoja baada ya mwingine kama wanagenzi, na vilabu vya London vilivyokuwa wazi usiku. Hakuna mwandishi wa Kiingereza anayedai kwamba bluzi ya Clapton imechipuka kwenye mabustani ya Surrey. Kwa nini basi sisi tunapewa maelezo ya mimea tunapozungumzia watu wetu?

Jibu langu ni kwamba Thika imezoea kuelezwa kwa mimea. Elspeth Huxley alichapisha kitabu chake kuhusu mikifabakazi ya Thika mwaka 1959, televisheni ya Uingereza ikakifanya tamthilia mwaka 1981, na tangu hapo mgeni akiusikia mji huu anaona maua. Mwaka mmoja baadaye Whittaker mwenyewe alirudi na kamera kuimba safari yake ya Kenya. Simlaumu. Mtu ana haki ya kuipenda nchi aliyozaliwa, na familia yake ililipa gharama kubwa hapa: mwaka 1989 wazazi wake walivamiwa nyumbani kwao na baba akauawa. Ninachopinga ni mhakiki anayeyachukua mapenzi hayo na kuyafanya ushahidi wa kihistoria.

Maana historia ina jambo ambalo tanzia zile zililipita kwa kunyata. Baada ya shule Whittaker aliitwa jeshini, akatumikia miaka 2 katika Kenya Regiment, akipigana na Mau Mau kwenye msitu wa Nyandarua. Ukisimama Gatanga, ng'ambo ya mto Chania, siku isiyo na ukungu, msitu huo uko juu yako. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Kuanzia mwaka 1954 zaidi ya watu milioni moja wa jamii ya Wagikuyu na jirani zao waliondolewa kwenye maboma yao wakakusanywa katika vijiji vya dharura, vyenye handaki na miiba, na amri ya kutotoka nje ikifika magharibi. Vijana wawili, basi, wa umri unaokaribiana: mmoja ana bunduki na amri ya kutembea usiku, mwingine, wa vijiji vile, akitoka mlangoni giza likishaingia anaweza kupigwa risasi. Mwenzangu wa safu ya tatu, kisima kimoja ni kipi hapo?

Hapa ndipo ninapofikia jambo ninaloliamini kuliko yote nitakayosema leo. Gitaa ni chombo cha usiku. Ngoma huchezwa mchana wa sherehe, filimbi ya mchungaji hulia adhuhuri, lakini gitaa la kukodiwa huanza kazi watu wakishalipwa na kuoga. Anayemiliki usiku wa mahali ndiye anayemiliki gitaa lake. Kati ya 1952 na 1960 usiku wa Murang'a na Kiambu ulikuwa mali ya serikali. Si ajabu kwamba sauti ya gitaa la Kigikuyu tunayoijua haikukomaa wakati huo. Kamaru, aliyezaliwa Kangema mwaka 1939, alifika Nairobi mwaka 1957 akafanya kazi za nyumbani, za usafi na kulea watoto. Wimbo wake wa Celina, alioimba na dada yake Catherine Muthoni, ulitoka mwaka 1967. Daniel Kamau, mwana wa Gatanga aliyezaliwa mwaka 1949, naye akaanza kurekodi mwishoni mwa muongo huo. Hesabuni wenyewe: ni kizazi kilichopata usiku wake baada ya Uhuru.

Niruhusuni sasa nishughulike na kitu ninachokipenda, na mwenye haraka anaweza kwenda kunywa maji. Nimelelewa Ruiru, kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la kahawa, na jirani yetu alikuwa na mashine ya santuri ya betri. Hakuna waraka wowote wa serikali ulionifunza mengi kama santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika. Ina inchi 7. Upande mmoja unabeba takriban dakika 3, na wimbo wetu haukukubali kuishia hapo, kwa hivyo ukagawanywa: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule. Upande wa kwanza ni wa maneno. Mwimbaji anaweka kisa chake, gitaa la solo linamfuata nyuma likirudia mwendo wa sauti yake, besi inaongea chini kama mzee asiyependa kukatizwa. Kisha sindano inafika mwisho. Jirani yetu anainuka, anaigeuza. Katika zile sekunde chache za kimya kila mtu anajua kinachokuja, kwa sababu upande wa pili ndio wa magitaa: maneno yanapungua, solo inapanda juu, rithim inabana, na wachezaji waliokuwa wamekaa wanasimama. Mpiga solo hapo si msindikizaji tena. Wimbo umekuwa wake. Ufundi huu una ukoo wake, na sehemu kubwa ya ukoo huo imetoka Nyanza, kwa mabwana wa benga kama D. O. Misiani na Shirati Jazz. Magitaa ya Katanga, Kongo, nayo yamo. Mpiga gitaa wa huko, Mwenda Jean Bosco, alikuja Nairobi kuelekea mwaka 1960, watu wakamsikia redioni katika kipindi cha matangazo ya dawa ya Aspro. Hata mwimbaji Jimmie Rodgers wa Marekani alikuwa amefika mapema: mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kipsigis wakimwimba kwa jina lililogeuzwa likawa Chemirocha. Muziki ulikuja kwa reli, kwa meli, kwa santuri na kwa redio. Haukuota.

Huko huko Ruiru, Jumapili, idhaa ya Kiingereza ilituletea Jim Reeves na Whittaker. Nilimpenda, na bado nampenda. Lakini usikilizeni ule wimbo wake mkubwa mkiwa na masikio ya upande wa pili wa santuri. Unafunguliwa na pembe na okestra nzima. Gitaa lipo nyuma, linatunza mapigo kwa adabu. Umaarufu wa Whittaker ulijengwa juu ya koo lake la chini na mluzi wake, na kwa yote mawili alikuwa bingwa. Ukitafuta gitaa lililosema neno ambalo Thika peke yake ingelisema, utalikuta ng'ambo ya Chania, kwa De'Mathew na Musaimo, kwa Peter Kigia, na kwenye bendi zilizompigia mwimbaji Queen Jane.

Kwa haki, nadharia ya udongo ina karata moja nzuri, na nitaiweka mezani mwenyewe. Gitaa la kwanza la Whittaker alitengenezewa na mfungwa wa vita Mwitaliano. Vita vya Pili vya Dunia vilileta Kenya maelfu ya wafungwa hao. Walijenga lile kanisa dogo la bondeni Mai Mahiu mwaka 1942, na mmoja wao, Felice Benuzzi, alitoroka kambi ya Nanyuki mwaka 1943 akaupanda Mlima Kenya, kisha akarudi kambini. Kutengeneza gitaa si mchezo. Unahitaji ubao mwembamba usiopasuka, mbavu zilizokunjwa kwa mvuke, gundi inayostahimili joto, na mkono uliofundishwa tangu utotoni. Kwa hiyo chombo kile kilizaliwa hapa, lakini na vita, kwa kazi ya mtu asiye huru. Vita hivyo hivyo vilimchukua Fundi Konde, mwana wa Kilifi, vikampeleka Asia na kikosi cha burudani cha King's African Rifles, naye akawa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kupiga gitaa la umeme. Mkinipa vita, wafungwa na maaskari kama chanzo, nitakubali. Mkinipa udongo, nakataa.

Limebaki suala la pesa, ambalo wanamuziki hulizungumza kwanza na wasomi mwisho. Wimbo wa kuaga wa Whittaker unasemekana kuuzwa nakala milioni 11. Maneno yake yalitoka kwa fundi wa fedha wa Birmingham, Ron Webster, mmoja wa wasikilizaji walioitikia mwito wa Whittaker redioni wa kumtumia mashairi. Ulilala miaka kadhaa, ndipo kituo kimoja cha Atlanta kikaanza kuupiga, baada ya mke wa mkurugenzi wa vipindi kuusikia akiwa safarini Kanada. Bahati, ndiyo. Lakini bahati ile ilikuta sheria ya hakimiliki ikiisubiri mlangoni, na ikamlisha mtu hadi uzeeni.

John De'Mathew, jina la kuzaliwa John Mwangi Ng'ang'a, aliongoza bendi ya Ngaati Sounds na pia chama cha ushirika cha wanamuziki, Tamco. Kanda zake zilinakiliwa na kuuzwa na kila mwenye mashine mbili. Mwaka 2012, wimbo wake mmoja ukampeleka mahakamani kwa shtaka la uchochezi, na atakaye kumhukumu kwa hilo asikilize kwanza wimbo wenyewe wote, siyo mistari iliyotafsiriwa na polisi. Usiku wa tarehe 18 Agosti 2019 alitoka hapa Thika kwenye harambee ya kumchangia mwenzake Peter Kigia. Gari lake likagonga lori kwenye barabara kuu karibu na hoteli ya Blue Post. Alikuwa na miaka 52. Mwanamuziki wa kiwango cha Kigia alihitaji harambee, na mwanamuziki wa kiwango cha De'Mathew ndiye aliyekwenda usiku kuiendesha: huo ndio mfumo wetu wa mirabaha.

Wapo watakaosema kwamba imani yangu kuhusu usiku imepitwa na wakati, kwamba siku hizi muziki uko kwenye simu saa zote. Nimelipima hilo. Huenda Whittaker alijifunza mchana, na huenda Kamaru alitunga mchana. Bado sishawishiki. Nendeni Ruiru Ijumaa mkaone mugithi: mtu mmoja, gitaa moja, kinanda cha kumsaidia mapigo, na ukumbi mzima umeshikana viuno unazunguka meza kama garimoshi. Mtindo huo ulishika kasi miaka ya 1990, wenye baa waliposhindwa kulipa bendi nzima. Kisha tarehe 27 Machi 2020 serikali ikaufunga usiku tena, safari hii kwa sababu ya korona. Wapiga gitaa wa barabara hii ya Thika waliuza vipaza sauti vyao, wengine wakauza mayai. Amri ile iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, miaka 69 kamili tangu kutangazwa kwa ile hali ya hatari ya kwanza. Sidai kwamba tarehe hiyo ina siri yoyote. Nadai tu kwamba mara zote mbili gitaa lilinyamaza, na mara zote mbili udongo ulikuwa pale pale.

Nimalizie kwa ombi. Maktaba yetu ina wasifu wa Whittaker, na ni sawa iwe nao. Santuri za Gatanga haina hata moja. Wenye nazo nyumbani, chini ya vitanda na juu ya dari, zileteni kabla mende hawajamaliza makaratasi yake. Lebo tunaihitaji sawasawa na muziki, kwa sababu kwenye lebo ndiko kuna jina la mtunzi, na kwenye jina la mtunzi ndiko kuna kesi tutakayoweza kumsaidia mjane wake kuifungua. Zenye mikwaruzo pia tunapokea.