Mto wa Kiti Uliogeuzwa

 

Nilipokuwa nikikaa kisiwani Lamu, siku moja nilisaidia kupaka rangi mashua ufukoni. Jua lilipokuwa kali nikaenda kupumzika kwa bibi mmoja jirani, Mwislamu mcha Mungu, aliyetuhesabu sisi wageni kuwa watoto wake. Nikaketi juu ya kochi lake. Nilipoinuka, lo! Doa la rangi ya buluu, kubwa kama kiganja. Bibi yumo jikoni ananipikia chai. Nikafanya nini? Nikaugeuza mto, upande wa chini ukawa juu. Nikanywa chai yake, nikala mahamri yake, nikaaga.

Laiti ningalisema saa ile! Rangi ya mafuta ikiwa mbichi hutoka. Waikwangua kwa ubapa wa kijiko, wala husugui, maana kusugua huizamisha ndani. Kisha watwaa kitambaa cheupe chenye tapentaini kidogo, waijaribu kwanza mahali pasipoonekana, halafu wagonga-gonga kutoka ukingoni kuelekea katikati. Madirisha yawe wazi, na moto uwe mbali. Mwisho ni sabuni na maji kidogo. Wapaka mashua wengi hunawa mikono kwa mafuta ya taa, lakini kwenye kochi hayo nayo huacha doa lake, na harufu juu yake.

Siku nne nilikaa na siri yangu. Kila nilipopita barazani pake Bibi aliniita, nami nikasingizia kazi. Siku ya tano nikaenda na chupa ya tapentaini mkononi. Rangi ilikuwa imekauka kabisa. Nikakwangua, nikagonga-gonga, doa likapungua, lisiishe.

Nabii Yeremia, sura ya 2, mstari wa 22, anawaambia watu wa Yerusalemu habari za doa lisilotoka hata kwa magadi na sabuni nyingi. Nao walikuwa wakidai kwamba hawana uchafu wowote! Je, msikilizaji, wewe umegeuza mto gani, na leo ni siku ya ngapi?

Nikamwambia, "Bibi, nisamehe. Ni mimi."

Akasema, "Nalijua siku ile ile, mwanangu. Nalikuwa nakungoja wewe."

Akaniwekea chai. Mto tukauacha vile vile, doa juu, nami nikaketi.